Dawa ya moto ni moto: Tutumie virusi kupambana na ukungu wa mimea

Ukienda sokoni kununua nyanya, iwe ni Wakulima jijini Nairobi, Kongowea mjini Mombasa au Kibuye mjini Kisumu, bila shaka utazichagua kwa kuzibonyeza ili ujue kama ni ngumu. Pengine utaona unga mweupe uliokauka karibu na kikonyo. Utaupangusa kwa kidole, utalipa na kwenda zako. Ni nadra sana kumsikia mnunuzi akimwuliza mwuzaji nyanya hizo zilinyunyiziwa dawa gani, mara ngapi, na siku ngapi kabla ya kuvunwa.

Unga huo mara nyingi ni mabaki ya dawa ya kuua ukungu. Wengi wetu tukisikia habari za dawa za shambani hufikiria wadudu peke yao. Lakini mkulima wa nyanya, viazi, maua au kahawa hutumia pesa nyingi vilevile kupigana na kuvu, yaani ile jamii ya viumbe ambayo ndani yake mna ukungu, uyoga na hamira. Vita hivyo vya mkulima, msomaji, ni vyako pia, hata kama unaishi kwenye nyumba ya ghorofa na huna hata chungu kimoja cha maua.

Maoni yangu ni haya: wakati umefika kwa Kenya kuweka pesa na akili katika njia nyingine ya kupigana na kuvu, nayo ni kutumia virusi vinavyoambukiza kuvu zenyewe. Njia hii si ndoto. Imekuwa ikitumika Ulaya kwa zaidi ya miaka 50. Hata hivyo ina mipaka yake, na atakayeiuza kama dawa ya kila kitu atakuwa anadanganya. Nitaeleza yote mawili.

Dawa za shambani na za hospitalini ni ndugu

Kwanza tuone ni kwa nini jambo hili linastahili kuandikwa katika kurasa za afya, wala si za kilimo.

Hospitalini kuna dawa za kutibu magonjwa ya kuvu ambazo huitwa azoli. Miongoni mwazo ni itrakonazoli na vorikonazoli. Shambani nako kuna dawa za jamii hiyo hiyo, kama vile tebukonazoli na difenokonazoli, ambazo hunyunyiziwa ngano, mboga na maua. Majina yanatofautiana, lakini namna zinavyoishambulia kuvu ni moja. Kuvu inayojifunza kustahimili ile ya shambani huwa imejifunza kustahimili ile ya hospitalini pia.

Mfano mzuri ni ukungu uitwao Aspergillus fumigatus. Ukungu huu huishi katika udongo, kwenye mboji na majani yanayooza. Wewe na mimi huvuta vimbegu vyake kila siku bila kujua, na mwili wenye nguvu huviondoa. Lakini kwa mgonjwa wa saratani ambaye kinga yake imeshuka, au mtu aliyepona kifua kikuu na kubaki na mashimo mapafuni, ukungu huu huweza kuota humo ndani na kumwua.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa Uholanzi walianza kuona wagonjwa ambao ukungu wao haukusikia azoli. La kushangaza ni kwamba baadhi yao hawakuwa wamewahi kumeza dawa hizo. Uchunguzi ulielekeza kidole shambani. Mwaka wa 2014, watafiti walitangaza kwamba ukungu sugu wa aina hiyo ulikuwa umepatikana katika mazingira nchini Tanzania. Mwaka wa 2018, watafiti wa hapa nchini nao walichapisha habari za ukungu sugu uliotoka katika udongo wa Naivasha na Nairobi. Mnamo 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu hatari zaidi kwa binadamu, na Aspergillus fumigatus uliwekwa katika kundi la juu kabisa.

Kwa ufupi, kila tunaponyunyizia azoli shambani bila kipimo tunachezea dawa chache ambazo daktari amebakiwa nazo. Dawa za kutibu kuvu si nyingi kama za kutibu bakteria.

Dawa nyingine za shambani nazo zina matatizo yake. Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuidhinisha klorothalonili mwaka wa 2019, na mankozebu mwishoni mwa 2020, kwa sababu za afya na mazingira. Hizi ni dawa ambazo mkulima wa Kenya amezijua kwa miaka mingi.

Sisemi kwamba mkulima ni mtu mbaya. Mgala mwue na haki yake umpe: bila dawa hizi, wakulima wengi wangepoteza mazao yao yote katika msimu wa mvua. Lakini mkulima hawezi kuacha rungu alilo nalo mpaka apewe jingine.

Ukungu nao huugua

Watu wengi hawajui kwamba kuvu nazo huugua. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wakulima wa uyoga katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, waliona uyoga wao ukidumaa, ukipinda na kuoza kabla ya wakati. Mwaka wa 1962, mtaalamu Mwingereza M. Hollings alionyesha kwamba ndani ya uyoga uliougua namna hiyo mlikuwa na chembechembe za virusi. Tangu hapo wanasayansi wamegundua mamia ya virusi vya kuvu, na vipya vinazidi kupatikana.

Virusi vingi vya aina hii haviruki hewani kama vile vya mafua. Mwili wa kuvu ni nyuzinyuzi nyembamba mno. Nyuzi za kuvu mbili zikikutana na kupatana, huungana na kuwa kama mfereji mmoja, na virusi hupita kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Vingine hurithiwa kupitia vimbegu vya kuvu.

Virusi vingi havimsumbui mwenyeji wake hata kidogo. Vingine humdhoofisha. Na hapo ndipo penye faida yetu, kwa sababu ukungu uliodhoofika hushindwa kuushambulia mmea vilivyo.

Je, virusi hivi vinaweza kumwambukiza binadamu? Hakuna ushahidi wa jambo hilo. Hamira nyingi, za jamii ile ile tunayotumia kuumulia mkate na mandazi, hubeba virusi vya namna hii, na watu wamezila vizazi na vizazi.

Mti uliookolewa na ugonjwa

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mti uitwao chesinati. Mti huu huzaa kokwa zinazochomwa na kuliwa, na mbao zake ni imara. Mnamo 1904 ugonjwa wa ukungu uliotoka Asia ulionekana katika miti ya chesinati kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, jijini New York. Ukungu huo hutoboa gome, hufanya kidonda kinachozunguka shina, na mti hufa kuanzia hapo kwenda juu. Kufikia miaka ya 1950 ulikuwa umeangamiza takriban miti bilioni 4 katika misitu ya mashariki ya Marekani.

Mwaka wa 1938 ugonjwa huo ulionekana karibu na mji wa Genoa, Italia. Watu waliingiwa na hofu, kwani wakazi wa milimani huko walitegemea unga wa kokwa hizo kwa chakula. Walidhani mambo yatakuwa kama ya Marekani.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa Kiitaliano Antonio Biraghi aliona jambo ambalo halikutarajiwa. Baadhi ya miti iliyokuwa na vidonda ilikuwa inapona yenyewe. Mfaransa Jean Grente alichukua sampuli za ukungu kutoka katika vidonda hivyo, akaona kwamba ulikuwa na rangi ya weupe badala ya ile ya machungwa iliyozoeleka. Alipouweka ukungu mweupe pamoja na ule wa kawaida, ule wa kawaida nao uligeuka mweupe na kupoteza ukali wake. Kitu fulani kilikuwa kimehama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Wafaransa hawakungoja kukijua kitu hicho kwa jina. Walitoboa matundu kuzunguka kidonda cha mti na kujaza ukungu mweupe, na vidonda vikaanza kufunga. Baadaye, mnamo 1977, watafiti wa jimbo la Connecticut nchini Marekani waligundua ndani ya ukungu dhaifu chembe za urithi za namna ya virusi. Mwaka wa 1992 ilithibitishwa katika maabara kwamba virusi hivyo pekee vinatosha kuudhoofisha ukungu huo. Leo misitu mingi ya chesinati ya Ulaya ingali imesimama, na virusi ni sababu moja kubwa.

Mbona Marekani ilishindwa?

Hapa ndipo wanaopenda habari tamu hunyamaza, lakini wewe msomaji una haki ya kusikia yote. Wamarekani nao walijaribu virusi hivyo hivyo katika misitu yao, na kwa sehemu kubwa hawakufanikiwa.

Sababu ya kwanza ni kwamba kuvu hazipatani zote. Ukungu una koo zake. Nyuzi za koo mbili zisizopatana zikigusana, seli zilizogusana hufa papo hapo, na mlango hufungwa kabla virusi havijapita. Ulaya kulikuwa na koo chache za ukungu wa chesinati. Marekani zilikuwa nyingi, na hivyo virusi vilikwama njiani.

Sababu ya pili ni ya kimaumbile. Virusi vikimdhoofisha mwenyeji kupita kiasi, mwenyeji hashindwi kuua mti tu, bali hushindwa hata kutoa vimbegu vya kusambaza virusi hivyo. Mgonjwa mahututi hatembei kuambukiza wenzake. Virusi vinavyotufaa ni vile vya katikati, vinavyouacha ukungu ukiwa hai lakini umenyong'onyea.

Funzo ni kwamba hatuwezi kununua virusi ng'ambo, tukavimwaga shambani na kungoja miujiza. Lazima kwanza tujue ukungu wetu ni wa koo ngapi na unazaana vipi.

China yafungua mlango mwingine

Kwa miaka mingi kikwazo cha koo kilifanya wengi wakate tamaa. Kisha, mwaka wa 2010, watafiti wa China wakatangaza kwamba wamepata virusi vya aina ya pekee ndani ya ukungu uitwao Sclerotinia sclerotiorum. Ukungu huu hushambulia zaidi ya aina 400 za mimea, yakiwemo maharagwe, kabeji, alizeti na kanola.

Mwaka wa 2013 walionyesha kwamba virusi hivyo, tofauti na vingine vingi, huweza kuingia ndani ya ukungu moja kwa moja kutoka nje, bila kungoja nyuzi ziungane. Maana yake ni kwamba vinaweza kunyunyiziwa. Mnamo 2020 waliongeza habari nyingine: ukungu ulioambukizwa haukuacha tu kuudhuru mmea wa kanola, bali ulikaa ndani yake kama mgeni mwema na kuusaidia kukua. Katika mashamba ya majaribio, mbegu zilizotibiwa kwa ukungu huo zilitoa mavuno yaliyozidi ya kawaida kwa takriban asilimia 7 hadi 15.

Hilo ni jambo la kutia moyo. Hata hivyo, mwaka wa 2016 watafiti hao hao waligundua kwamba virusi hivyo huweza pia kuambukiza mdudu mdogo anayekula ukungu, ambaye hushiriki kuvisambaza. Mdudu huyo hakuhitajiwa katika mpango, naye akajileta mwenyewe. Ndiyo sababu nasema majaribio lazima yafanywe kwa makini kabla ya kufungua mlango.

Si virusi vyote ni rafiki

Kuna watakaoniuliza: je, virusi haviwezi kuufanya ukungu uwe mkali zaidi? Jibu ni ndiyo, vingine hufanya hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2025 ulionyesha kwamba virusi fulani vilivyomo ndani ya Aspergillus fumigatus, ule ukungu wa mapafu niliotaja awali, vinausaidia kustahimili taabu na kuwadhuru zaidi panya wa maabara. Kwa hivyo si kila virusi vya kuvu vinafaa. Lazima kimoja kimoja kichunguzwe, kama vile tunavyochunguza dawa mpya ya binadamu.

Tena si kila ugonjwa unaoitwa ukungu ni wa kuvu halisi. Bakajani chelewa, adui mkubwa wa viazi na nyanya, husababishwa na kiumbe ambaye kimaumbile yuko karibu na mwani kuliko kuvu. Mkulima wa Kinangop au Meru asidanganywe kwamba kesho atatupa bomba lake la dawa kwa ajili ya virusi. Kwa ugonjwa huo bado safari ni ndefu.

Tuanzie wapi Kenya?

Kama ningeulizwa, ningesema tuanze na kahawa. Ugonjwa wa chule buni, unaozifanya buni mbichi zioze na kukauka mtini, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa Kenya, mwaka wa 1922. Tangu hapo mkulima amekuwa akiupiga kwa dawa, nyingi zikiwa za shaba, tena na tena kila mwaka. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka wa 1985, ilipunguza mzigo huo, lakini miti ya zamani bado imejaa milimani.

Kuna sababu ya kisayansi ya kuchagua ugonjwa huu. Ukungu wa chule buni huzaana bila kujamiiana, na kwa hivyo kizazi chake kinafanana sana. Kile kikwazo cha koo nyingi kilichowaangusha Wamarekani huenda kikawa kidogo hapa. Na kwa kuwa ugonjwa huu umeishi kwetu kwa zaidi ya miaka 100, ni jambo la busara kuwatafuta adui zake papa hapa. Wataalamu wa KALRO na vyuo vikuu vyetu wapewe fedha za kukusanya ukungu huo kutoka Kiambu, Kirinyaga, Kisii na Bungoma, na kuuchunguza kama una virusi.

Kuna watakaosema Kenya haiwezi kazi kama hiyo. Nitawakumbusha habari za mahindi. Mwaka wa 2004 sumu ya aflatoksini, inayotengenezwa na ukungu wa mahindi, iliwapata watu 317 katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na 125 kati yao wakafa. Kutokana na msiba huo, watafiti walitafuta ndani ya mashamba yetu ukungu wa jamii hiyo hiyo lakini usiotoa sumu. Uligeuzwa kuwa bidhaa iitwayo Aflasafe KE01, iliyosajiliwa mwaka wa 2015 na halmashauri ya PCPB inayosimamia dawa za mimea. Mkulima hutawanya kilo 4 kwa ekari kabla ya mahindi kuchanua, na ukungu mwema huunyang'anya ule mbaya nafasi.

Hapo hakutumiwa virusi, lakini fikira ni ile ile: kumpiga adui kwa jamaa yake. Tulitafuta, tukachuja, tukajaribu, tukasajili. Njia imeshapitwa mara moja, na hakuna sababu ya kushindwa kupitwa tena. Tangu miaka ya 1980 imejulikana kuwa virusi fulani vinaweza kupunguza utengenezaji wa aflatoksini ndani ya ukungu huo. Hilo peke yake lingetosha kuwashtua wanaogawa fedha za utafiti.

Jambo la pili ni sheria. Kiumbe hai ambacho kinaweza kuzaana na kusambaa chenyewe kinahitaji kanuni zake. Waziri wa Kilimo na mwenzake wa Afya wakae meza moja na kuziandika mapema, ili mtafiti wa Kenya akipata virusi vinavyofaa asizungushwe ofisi hadi ofisi kwa miaka 10. Na kwa vile azoli za shambani zinamhusu daktari, wizara ya Afya iwe na sauti wakati dawa hizo zinaposajiliwa.

Wewe mwananchi ufanye nini?

Kabla virusi havijafika shambani, kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wako. Osha matunda na mboga kwa maji mengi yanayotiririka. Usinunue mahindi yenye rangi ya kijani au kijivu kwa sababu ni ya bei nafuu, wala usidhani kupika kutaondoa sumu ya aflatoksini, kwani haiondoki kwa moto wa jikoni. Usinunue dawa za kuvu dukani bila ushauri wa daktari, wala usiziache katikati unapoanza kupata nafuu. Ikiwa uliwahi kuugua kifua kikuu na sasa unakohoa damu ilhali vipimo havionyeshi kifua kikuu, mwulize daktari kama huenda ni ukungu wa mapafu.

Na ikiwa una ndugu au mzazi mashambani, mhimize afuate kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe wa dawa na ahesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Nyanya anazozinyunyizia Jumatatu na kuziuza Jumatano ndizo zinazoliwa na wajukuu wake mjini.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Lakini mwenye busara hauwashi moto wa pili kabla ya kujua upepo unavuma kutoka wapi. Wafaransa walijifunza upepo huo katika misitu yao, na Wachina wanaujifunza katika mashamba yao. Sisi tuna ukungu wetu, wataalamu wetu na wagonjwa wetu. Kilichobaki ni fedha za utafiti, na hizo hutolewa na wabunge uliowapigia kura. Waulize.